Kiwango cha Mkopo Kinapopandishwa: Ni Nani Anayeweka Mpaka wa Deni Lako?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, tulivuka kwa kivuko kutoka Mwanza mjini kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba katika Wilaya ya Sengerema, kwa ajili ya darsa baina ya Maghrib na Isha. Mlango wetu siku hiyo ulikuwa wa kutawadha. Lakini darsa ilipokwisha, kutoka upande wa akina mama likaja swali lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi, nalo halikuhusu maji.

Muulizaji ni mama anayenunua dagaa mwaloni na kuwapelekea wafanyabiashara wa mjini. Alisema kuwa alianza kukopa kwa simu kidogo kidogo, akilipa kwa wakati. Siku moja ukamjia ujumbe wa pongezi kwamba kiwango chake cha mkopo kimepandishwa. Hakuomba. Baada ya muda ukaja mwingine, kisha mwingine. Akakopa hadi mwisho wa kile alichopewa. Likaja giza la mwezi ambalo mvua ilinyesha, dagaa hawakukauka wakaoza, naye akashindwa kulipa. Kisha tajiri wake wa mjini akamtumia fedha za kununulia mzigo. Fedha zilipoingia tu kwenye simu, zikakatwa kulipia deni. Sasa tajiri anadai mzigo wake au fedha zake. Akauliza: "Sheikh, je, mimi nimekuwa mwizi wa amana?"

Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, na tukaahidi kuliandikia suala hili. Tumeona kwamba wengi tunalihukumu jambo hili bila kulijua linavyofanya kazi, na wanazuoni wetu wametufundisha kuwa kulihukumia jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuanze na kulifahamu.

KIWANGO HIKI KINAPANGWAJE?

Asili ya utaratibu huu ni kadi za mkopo za Marekani. Mwaka 1950 ilianzishwa kadi ya Diners Club. Mwaka 1958 Benki ya Amerika ikawapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 bila wao kuziomba. Kila kadi ilikuwa na ukomo wake, yaani kiasi ambacho mwenye kadi hawezi kukivuka. Tangu hapo swali la kila mtoaji wa kadi likawa ni hili: nimwongezee nani, lini, na kwa kiasi gani?

Hapo mwanzo aliyejibu alikuwa karani aliyemjua mteja kwa sura. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye hesabu. Kampuni ya Fair na Isaac, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilijenga njia ya kumpa kila mkopaji alama, na mwaka 1989 ikatoa alama ya jumla ambayo mabenki ya Marekani yaliipokea kwa wingi. Alama hizo hutazama mambo yanayofanana popote uendako: je, amelipa madeni yaliyopita kwa wakati? Anatumia sehemu gani ya kiwango alichopewa? Ana muda gani tangu aanze kukopa? Ameomba mikopo mingapi mipya siku za karibuni? Mtoaji wa kadi huongeza na yake: kipato cha mteja, na mwenendo wake katika akaunti ile ile.

Kila baada ya muda, mashine hupitia akaunti zote. Huwagawa wateja katika mafungu, ikiuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: je, huyu atalipa? La pili: je, huyu atatuletea faida? Msomaji alizingatie sana hili swali la pili. Mtu anayelipa deni lote kila mwisho wa mwezi ni salama, lakini riba haipati kwake. Mtu asiyelipa kabisa ni hasara. Anayependwa zaidi ni yule wa katikati, anayelipa kidogo kidogo huku deni likibaki. Kwa hiyo kupandishiwa kiwango si cheti cha uaminifu peke yake. Ni makisio kwamba ukipewa zaidi utatumia zaidi, na utaendelea kulipa ile nyongeza.

Na makisio hayo yana msingi. Wachumi wawili wa Marekani, Gross na Souleles, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2002, walikuta kwamba kwa kila dola 100 za ukomo ulioongezwa, madeni ya watu yalipanda kwa dola 10 hadi 14. Watu hao hawakuwa na shida mpya. Mlango ulipanuliwa, wakaingia. Mwaka 2009 nchi hiyo ikalazimika kutunga sheria inayomtaka mtoaji wa kadi kuuangalia uwezo wa mteja wa kulipa kabla ya kumwongezea kiwango.

KUTOKA KADI HADI SIMU

Kwetu Afrika Mashariki wengi hawakupitia kwenye kadi. Walipitia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Novemba 2012 Kenya ikapata M-Shwari, ya Safaricom pamoja na benki ya CBA, na mwaka 2014 Vodacom Tanzania na CBA wakaleta M-Pawa. Januari 2019 ikaja Fuliza nchini Kenya, inayomruhusu mtu kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi, na hapa Tanzania tunayo Songesha kwa namna hiyo hiyo.

Mama wa Kamanga hana hati ya mshahara wala hati ya nyumba. Mashine inamjuaje? Inaangalia tangu lini ameitumia laini ile, anaweka muda wa maongezi kiasi gani, fedha kiasi gani zinaingia na kutoka, ameweka akiba kiasi gani, na mkopo uliopita aliurejesha siku ya ngapi. Huanza kwa kumpa kidogo sana, pengine hata asipewe kitu. Akilipa, huongezewa. Akichelewa, hupunguzwa au hufungiwa. Tanzania pia ina kanuni za mwaka 2012 za Benki Kuu zinazohusu taasisi za kutunza kumbukumbu za wakopaji, hivyo aliyeharibu mahali pamoja huweza kuonekana mahali pengine.

Basi tazameni mashine inavyokosea hapa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Siku za giza fedha nyingi hupita kwenye simu ya mama yetu. Mashine huona mtu mwenye mali. Haioni kwamba fedha zile ni za tajiri, na kwamba yeye ni wakala tu ambaye fungu lake ni dogo. Mashine huhesabu mapito ya fedha, haitambui amana. Wala haijui mvua inafanya nini juu ya dagaa walioanikwa mchangani. Ikampandishia kiwango kwa mali isiyokuwa yake.

JE, KUPANDISHIWA KIWANGO NI RIBA?

Sasa tuingie katika hukumu. Kiwango chenyewe, kabla hujakichukua, si deni. Kifiqhi kiko karibu na waad, yaani ahadi ya kukukopesha utakapotaka. Ahadi ya kukopesha si haramu kwa dhati yake. Ahadi ya kumkopesha ndugu yako qardh hasan ni jambo la kheri. Hukumu hutazama mkataba ambao ahadi ile inakuingiza.

Na mkataba mara nyingi ni huu: ukikopa, utarejesha na ziada. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na asiyelipa mkopo wake uliongezwa muda na kutozwa tena asilimia 7.5. Ziada hiyo iliitwa ada. Mwenye kukopa shilingi 1,000 za Kenya alitozwa 75, na mwenye 20,000 alitozwa 1,500, ilhali ujumbe ni ule ule, mashine ni ile ile, na kazi ni ile ile. Ukizidisha asilimia 7.5 kwa miezi kumi na miwili unapata asilimia 90 kwa mwaka. Fuliza nayo ilianza kwa asilimia 1 ya kuingilia, kisha malipo ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni.

Wanazuoni wamekwisha kutupa mizani. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilijuzisha mkopeshaji kuchukua gharama za huduma ya mkopo kwa sharti zisizidi gharama halisi. Kisha katika kikao chake cha 12, Riyadh, Septemba 2000, azimio nambari 108, Baraza lilizungumzia kadi za mkopo zenyewe. Likaamua kwamba haijuzu kutoa kadi isiyo na fedha za mteja nyuma yake, wala kuitumia, ikiwa imeshurutishwa nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda wa msamaha. Ikiwa hakuna sharti la nyongeza juu ya deni, yajuzu. Ada ya kudumu iliyo sawa na huduma inayotolewa yajuzu pia, na haifai ada ifungamane na kiasi cha mkopo au muda wake.

Mizani hii ni nyepesi kuitumia hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Uliza mambo mawili. Je, ada inakua deni likikua? Je, ada inakua siku zikiongezeka? Ikiwa ndiyo, basi ni riba hata ikiitwa kwa jina zuri. Ile ya pili ndiyo riba ya Jahiliya hasa, ambapo muda ulipofika mdai alimwuliza mdaiwa kama atalipa au ataongeza, na asipolipa deni lilikua. Mwenye kusema kuwa ameridhia mwenyewe kwa kubonyeza namba ya siri, ajue kuwa riba haihalaliki kwa kuridhiana. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wa riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na akasema kuwa wako sawa.

Ipo na hoja nyingine: weka akiba kwetu ili tukuongezee kiwango. Akiba ile benki huitumia, kwa hiyo kifiqhi ni mkopo wako kwao. Likiwa ni sharti, inakuwa nikopeshe nami nikukopeshe, na wanazuoni wengi wameizuia kwa kanuni mashuhuri kwamba mkopo ulioshurutishwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Isnadi ya kuinasibisha kanuni hii na Mtume (S.A.W.) ni dhaifu, lakini maana yake imekubaliwa na madhehebu. Masahaba walikuwa wakali zaidi yetu katika hili. Katika Sahih al-Bukhari, Abdullah bin Salam (R.A.) alimwonya Abu Burda asipokee kutoka kwa mdaiwa wake hata zawadi ya mzigo wa majani makavu.

NASI MWALONI TUJITAZAME

Lakini haitokuwa insafu tuitupie mashine mawe tukasahau yanayofanyika mialoni kwetu. Mwenye mtaji humpa mvuvi mashine ya mtumbwi, nyavu au fedha, kisha humshurutisha samaki wote amuuzie yeye, na kwa bei iliyo chini ya soko. Mvuvi akilipa vizuri, huongezewa nyavu, na kamba inazidi kukaza. Hapa hakuna asilimia iliyoandikwa, lakini ni mkopo uliofungamanishwa na mauzo, na Mtume (S.A.W.) amekataza mkopo na mauzo kuwekwa pamoja, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Punguzo la bei ndiyo riba yenyewe. Wako miongoni mwa wafanyao hivi watu wa safu ya kwanza msikitini, nasi tunawanasihi kwa mapenzi.

Kukopeshana kwa kuongezewa kidogo kidogo si kugeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuja bara ilitembea kwa mali kauli. Tajiri wa Unguja Taria Topan ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, na kila safari iliyorudi salama ilimfungulia safari kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba tajiri wa zamani alimjua mdaiwa wake kwa uso na kwa habari.

NI NANI MWENYE KUPANGA KIWANGO CHAKO?

Fuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka kiwango cha mkopo kabla ya mashine zote. Wamesema kwamba ni haramu kwa asiye na dharura kukopa ikiwa hatarajii kulipa kutoka katika njia iliyo dhahiri, isipokuwa mkopeshaji awe anaijua hali yake. Neno "njia iliyo dhahiri" ndio mpaka wako. Si kile unachoweza kupewa, bali kile unachojua kitalipwa na nini. Kwa muuza dagaa, njia iliyo dhahiri ni fungu lake mwenyewe baada ya kutoa la tajiri, tena kwa hesabu ya mwezi mzima, giza lake na mbalamwezi yake.

Tuna mfano katika historia. Zubayr bin al-Awwam (R.A.) watu walipomletea fedha awawekee amana, alikataa kuzipokea kama amana, akazipokea kama mkopo, kwa kuchelea zisipotee wakakosa haki yao. Alipouawa siku ya Jamal, mwaka 36 Hijria, deni lake lilihesabiwa 2,200,000, kama alivyopokea al-Bukhari. Hakuacha dinari wala dirhamu, aliacha ardhi. Alikuwa amemuusia mwanawe Abdullah, na Abdullah akauza, akalipa, kisha akakaa miaka minne akinadi katika msimu wa Hija kwamba mwenye deni kwa Zubayr ajitokeze, ndipo akagawa mirathi. Deni lilikuwa kubwa, lakini kila shilingi yake, tukisema kwa lugha yetu, ilikuwa na ardhi nyuma yake na wasia mbele yake.

Na sisi je? Imamu husimama mbele ya jeneza akauliza ni nani anamdai marehemu. Watu hunyamaza. Siku ya tatu simu ya marehemu inalia ujumbe wa deni ambalo mkewe hakulijua. Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini. Maimamu wenzetu, tangu leo tuwaulize warithi na habari ya simu pia.

JAWABU LA MAMA WA KAMANGA

Wakala kifiqhi ni amini. Hadhamini kilichopotea mkononi mwake isipokuwa akikiuka au akizembea. Mama yetu alijua kwamba laini ile ina deni na kwamba kila kinachoingia hukatwa. Kumwachia tajiri atume fedha huko bila kumwambia ni uzembe, kwa hiyo ni juu yake kuzirejesha. Yeye si mwizi, kwani hakukusudia kuchukua, lakini deni limehama: alikuwa akidaiwa na mkopeshaji, sasa anadaiwa na tajiri. Naye tajiri, akithibitisha kwamba hana uwezo, aya ya 280 ya Suratul Baqara inamwamuru ampe muda mpaka atakapopata wasaa, na inamwambia kuwa kusamehe ni bora kwake. Tulimshauri apokee fedha za tajiri kwa laini nyingine isiyo na mkopo wowote, afunge huduma ile baada ya kumaliza rasilimali aliyokopa, na amrejee Mola wake kwa toba. Tajiri tulimwona mjini Mwanza, akampa mpaka giza la tatu. Allah amlipe kheri.

NJIA ZILIZO WAZI

Kwanza, katika huduma nyingi za namna hii mtu anaweza kujitoa, au kutotumia kiwango kilichoongezwa. Ujumbe wa pongezi si amri.

Pili, jihadharini na programu za simu zisizo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Wapo wakopeshaji wa aina hii wanaosoma majina yaliyomo katika simu yako na kukufedhehesha kwa watu.

Tatu, kwa wenye mitaji mialoni: badala ya mkopo wenye kamba, fanyeni bai salam. Lipa bei kamili leo, kwa dagaa walioelezwa aina yao na uzito wao, kwa siku na mahali panapojulikana, wala usiifunge kwa mtumbwi mmoja maalumu. Bei ikiwa chini ya soko kwa maafikiano hakuna ubaya, maana huu ni uuzaji si mkopo. Na ukitoa nyavu kwa sharti la kugawana kinachovuliwa, basi Ibn Qudama katika al-Mughni ameitaja mas'ala hii kwa jina lake: mwenye nyavu anayempa mvuvi wagawane nusu kwa nusu. Ametaja kauli kwamba samaki ni wa mvuvi na mwenye nyavu hupata ujira wa mfano, kisha akasema kuwa kwa kiasi cha yaliyonukuliwa kutoka kwa Imam Ahmad, ushirika huo unasihi.

Nne, kuna mabenki na madirisha ya Kiislamu, kama Amana Bank tangu mwaka 2011 na Al Barakah ya CRDB tangu 2021, na Kenya ilipata Halal Pesa mwaka 2022. Hata huko, msomaji, usitosheke na jina. Uliza wananunua nini na kukuuzia nini.

Tano, na hili ni la misikiti: mfuko wa qardh hasan wa watu arobaini wanaojuana, wenye daftari na mashahidi kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni. Huko kiwango chako kitapangwa na mtu anayejua kama mvua imenyesha.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake, na atulipie madeni yetu kabla hatujakutana naye. Tulichopatia ni kwa tawfiki yake, na tulichokosea ni kutoka kwetu.

Wallahu aalam.